Mvua ya mabati na mtoto anayeziba masikio

Nyumba tuliyopanga Mabatini, jijini Mwanza, iko mlimani katikati ya mawe, na haina dari. Mvua ikishuka, mabati yanapiga kelele mpaka mtu na mwenzake hawasikilizani. Usiku mmoja wa mvua kama hiyo mwanangu, wakati huo ana miaka minne, alijisukumiza chini ya kitanda, mikono masikioni, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimvuta mguu, akanipiga teke. Nikamchapa. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Majina alipewa mengi. Kadekezwa. Mkaidi. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alitaka tumpeleke akaombewe. Sweta la shule alilivua njiani, eti linamchoma. Jirani akikaanga dagaa, yeye anatapika. Lakini mtoto huyohuyo aliruka kutoka jiwe hadi jiwe bila woga, akaanguka, akachunika goti, akaendelea na mchezo kana kwamba goti si lake. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Iweje asiyejali goti linalotoka damu alizwe na lebo ya nguo?

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, fani inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Wengine huiita tiba kazi. Alinieleza kwamba zaidi ya milango mitano ya fahamu tuliyofundishwa shuleni, kuna mingine: ule ulio ndani ya sikio unaotupa mizani ya mwili, na ule wa misuli na viungo unaotuambia mkono uko wapi hata tukifumba macho. Ubongo hupokea habari zote hizo kwa pamoja, ukachuja. Kwa mtoto wangu, baadhi zinaingia kwa nguvu mno na nyingine zinaingia kwa unyonge, kwa hiyo anaikimbia sauti huku akiutafuta mgongano. Nadharia hiyo ilijengwa na Mmarekani Jean Ayres, mtaalamu wa fani hiyohiyo, tangu miaka ya 1960. Usishangae hata hivyo daktari asipoandika hali hii, ya ubongo kushindwa kuchuja vizuri habari za fahamu, kama ugonjwa unaojitegemea. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaitaja miongoni mwa dalili za usonji (autism), ukuaji tofauti wa ubongo unaogusa mawasiliano na mahusiano, lakini si kila mwenye shida hii ana usonji. Mpime masikio na macho pia kabla hujaamua lolote.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilinigharimu daftari moja tu. Kila alipolipuka niliandika: saa ngapi, tulikuwa wapi, kulikuwa na sauti gani, harufu gani, alikula saa ngapi, alilala vipi. Baada ya wiki tatu niliona kitu ambacho viboko visingenionyesha kamwe: siku mbaya zilikuwa zile tulizopitia soko la samaki la Mwaloni kwanza, kwenye msongamano na harufu ya samaki, kisha tukapanda daladala lenye muziki. Alifika nyumbani amejaa. Kijiko kikianguka tu, basi. Siku hizi Mwaloni naenda peke yangu, na tukisafiri tunapanda daladala la asubuhi mapema, yeye dirishani.

Kilichomsaidia kuliko vyote ni kazi za kutumia nguvu. Kabla ya shule anabeba kindoo chake cha maji, lita tatu hivi, ngazi za mawe kutoka bombani hadi mlangoni, mara mbili. Anasukuma beseni la nguo. Jioni tunamviringisha ndani ya blanketi, kichwa kikiwa nje, nami nambonyeza taratibu kwa mto kuanzia mabegani kushuka miguuni, naye ndiye anayesema "zaidi" au "basi". Akisema basi, ni basi. Tunampa pia michembe mikavu, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, atafune. Ule ugumu unamtuliza. Matokeo hayakuja kwa siku moja, lakini baada ya mwezi mwalimu aliniuliza tumebadilisha nini nyumbani.

Nguo: kata lebo, geuza soksi mshono uwe nje, fua sare mpya mara kadhaa kabla hajaivaa. Nywele tunanyoa nyumbani kwa mkasi, baada ya kuoga, nikimhesabia hadi kumi kisha tunapumzika. Chakula nacho usilazimishe. Kwa sato wa kuchemsha, mwanangu alianza kwa kukaa naye meza moja, halafu akamgusa, halafu akamnusa. Kumtia mdomoni kulichukua miezi.

Wengi watakuambia mpeleke ziwani akacheze maji, yanatuliza. Ni kweli yanatuliza, lakini ufukweni kwetu kuna kichocho. Mimi natumia beseni, maji ya bomba na mchanga mkavu, chini ya mwembe.

Shuleni sikupeleka lawama, nilipeleka ombi moja: akae mbele pembeni, mbali na kengele, na aambiwe kabla haijalia. Shule ya kwanza walisema hawana muda wa mtoto mmoja. Ya pili mwalimu alimfanya mbeba madaftari wa darasa, bila kujua kwamba kazi hiyo ya kubeba ni dawa kwake.

Kwa ajili ya mvua tulinunua vizuia sauti vya masikioni, vile wanavyovaa mafundi wa kuchomelea, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Asivae kutwa lakini, maana masikio yakizoea ukimya, sauti za kawaida nazo zitaanza kumuumiza. Chini ya meza tumemtundikia vitenge viwili, ndani kuna mto. Ni mahali pake. Hatumpeleki pale kama adhabu, wala hatumfuati bila kubisha.

Juzi mawingu yalijikusanya upande wa ziwa, upepo ukaanza kuyumbisha mabati. Alinitazama. "Mama, inakuja." Akachukua vizuia sauti vyake msumarini, akaingia, akashusha kitenge. Mvua ilipiga karibu saa nzima. Katikati yake mkono mdogo ulitokeza chini ya kitenge, kiganja wazi. Nikaweka michembe.