Jibu kwa wa mradi wa ndovu: "utafanya chini ya kibali chetu" yamenila mwaka

"Vibali tunavyo, utafanya chini ya kibali chetu." Nilipofika kwenye sentensi hiyo ya swali lako nikaweka kikombe chini. Uko mwaka wa tatu, umepata atachimenti ya miezi mitatu kwenye mradi wa ndovu huko Kwale, ubavuni mwa Shimba Hills, waanza Jumatatu, na meneja amekwambia data ya mradi wako wa chuo ukusanye humo humo. Kisha ukauliza viatu, posho, chandarua, na kama ungengojea nafasi Tsavo. Hayo tutafika tukijaaliwa. Kwanza hicho kibali chao, kwa sababu maneno hayo niliambiwa mimi hapa Mombasa, hivyo hivyo, na nikayameza kama kachiri.

Mimi si mtu wa ndovu. Mimi ni mtu wa nyasi, nyasi za baharini, na ndiyo, shangazi zangu mpaka leo wanasema nilipelekwa chuo kusomea majani. Nilikuwa chini ya mradi mdogo wa watu, ufukweni upande wa kaskazini, siutaji, wanajijua. Swali langu lilikuwa zuri, hata sasa nasema lilikuwa zuri: kulinganisha nyasi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ambako hakuvuliwi, na nyasi za eneo la akiba linaloizunguka, ambako wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa. Hifadhi yenyewe ni kilomita 10 tu za mraba, akiba ni kama 200. Kuna wale viumbe wa baharini wa mviringo, wenye miiba mwili mzima, wanaokula nyasi. Samaki wanaowala hao wa miiba wakivuliwa sana, wa miiba huongezeka, hasa Tripneustes gratilla, na wakiongezeka hufyeka nyasi mpaka unaona mchanga mtupu. Nilitaka kuwahesabu huku na huku nione tofauti.

Basi nikahesabu. Januari mpaka Machi, kaskazi, maji meupe. Wa pwani mnajua: bamvua ikipiga, yaani maji yakijaa sana na kupwa sana, hupwa mida ya saa nne asubuhi, una saa mbili au tatu za kufanya kazi kisha bahari inarudi. Maji mafu, yanapopwa kidogo tu, unakaa nyumbani unaandika. Kwa hiyo mwezi mzima una siku chache tu za maana, na kila siku ni kamba ya mita 50, fremu ya mabomba ya plastiki, na mgongo unaochomwa mpaka unabambuka. Kamba ikitandazwa mara moja ukahesabu kando yake, huo ni mstari mmoja. Nilifanya mistari 42. Arubaini na miwili! Simu mbili ziliingia maji. Chumba Bamburi, nauli, kukodi mashua, nilitoa mfukoni kama elfu 38, pesa ambazo nusu yake ilikuwa ya mjomba na bado ananitazama vibaya Idi kwa Idi.

Wiki ya tano boti ya askari wa KWS, shirika la wanyamapori, ikaja. Askari mwenyewe mpole, akanisalimia, akauliza nafanya nini na fremu ndani ya hifadhi. Nikamwambia mimi ni wa mradi fulani. Akasema mradi naujua, nakuuliza wewe, kibali chako kiko wapi? Nikampigia mkuu wangu wa mradi, akanijibu huku anacheka: "Mwambie anipigie mimi." Yule askari hakupiga. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayevuka barabara kichwa chini, akasema, "Kijana, tafuta karatasi yako," wakaenda zao.

Hapo ndipo penye gharama, mdogo wangu. Makosa ya kwanza nasingizia ujinga. Lakini pale nilikuwa nimeambiwa, tena bure, na mtu anayejua, nikiwa bado na wiki saba mbele yangu. Ningesimama siku ile ningekuwa nimepoteza mistari 15. Nikasema ah, mkuu ana miaka mingi kwenye kazi hii, atakosa kujua? Nikateremsha fremu nikaendelea.

Mwezi wa Aprili napeleka kazi kwa mwalimu wangu. Ukurasa wa pili akauliza nakala ya kibali. Nikamwandikia mkuu. Kesho. Kesho kutwa. Yuko safari. Baada ya siku tisa ikaja picha ya simu, imepigwa kombo. Majina matatu, langu halimo. Kaunti iliyoandikwa ni Kilifi. Muda wake uliisha Novemba. Mimi nilianza Januari! Yaani hata wao wenyewe walikuwa hawana kibali wakati wananiambia nijifunike chini ya chao. Ni kama kualikwa kujikinga mvua chini ya mwavuli, kuinua macho ukute zimebaki zile fito tu.

Na hata kingekuwa hai kisingenisaidia, na hili ndilo hakuna anayekwambia. Leseni ya utafiti inatolewa na NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kwa sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013. Masharti yake yamechapwa pamoja nayo, yeyote anaweza kusoma: ni ya utafiti uliotajwa, mahali palipotajwa, muda uliotajwa, na haihamishiki. Haikopeshwi kama sufuria ya jirani. Mkuu wangu alikuwa na karatasi hiyo kwenye droo miaka nenda miaka rudi, ama hakuisoma, ama aliisoma akaona huyu kijana ni mikono ya bure, mwache ahesabu. Nimejaribu kumsamehe. Bamvua ikifika nakumbuka upya.

Mwalimu wangu alikuwa muungwana. Akasema, "Namba naziamini. Kuzipitisha siwezi." Nikarudi kuomba. NACOSTI ni mtandaoni, ada ya mwanafunzi Mkenya haitakuumiza. Kinachokula ni muda, changu kilichukua wiki tatu. Kisha ukiwa unagusa wanyamapori au eneo la hifadhi, kuna Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, iko Naivasha, imeanzishwa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hiyo hiyo. Kuna na ruhusa ya KWS ya kuingia hifadhini kwenyewe. Kisha ukishapata, unajitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuanza. Hakuna hata moja gumu. Yote ni kungoja, na mimi nilikuwa nangoja upande usiofaa, baada ya kazi badala ya kabla.

Kufikia karatasi zote kukamilika, kusi imeshaingia. Bahari imechafuka, mawimbi, mita moja mbele huoni. Na hata kama ningeona, huwezi kuchukua namba za kusi ukazifanya za kaskazi, ni msimu mwingine. Ikabidi ningoje mpaka kaskazi irudi. Mwaka. Mamangu alikuwa ameshashona dera la mahafali. Alilivaa harusini kwa binti wa jirani, na kila aliyemuuliza "mbona kijana wako hajamaliza" alimjibu kwamba bahari imekataa. Mpaka leo nikipita mtaani naitwa hivyo, Bahari Imekataa.

Sasa tia hesabu yako. Wewe unasema utahesabu vinyesi vya ndovu kwenye mistari na kuandika mashamba yaliyovamiwa. Vinyesi masika vinaoza haraka kwa mvua, kiangazi vinakaa, kwa hiyo huwezi kuchanganya. Na mahindi ya watu yakishavunwa hakuna cha kuvamiwa, utangoja mpaka yapandwe na yakomae tena. Ukirudishwa na mwalimu wako mwezi wa nne kama mimi, hurudi wiki inayofuata. Unarudi msimu ukirudi.

Najua atatokea mtu hapa chini aseme yeye alifanya bila kibali na akahitimu vizuri. Hongera. Hata feri ya Likoni kuna watu hurukia ngazi ikishaanza kuondoka, wengi hufika.

Kwa hiyo kabla hujaandika namba yako ya kwanza, kibali kiwe mkononi mwako: jina lako, Kwale imetajwa, tarehe zinafunika miezi yako. Simaanishi picha ya simu, wala "kiko ofisini". Barua ya atachimenti ya chuo si kibali, hiyo inakuruhusu kufanya kazi yao, uwajazie fomu zao, uwabebee GPS, ujifunze. Fanya hayo yote kuanzia Jumatatu, hakuna ubaya, utajifunza mengi. Lakini daftari la mradi wako liache limefungwa mpaka karatasi ije. Meneja akikwambia anza tu, kibali kitakukuta njiani, muulize mbele ya watu nambari yake na siku kinapokwisha, umtazame usoni. Wangu ningemuuliza hivyo siku ya kwanza ningemwona anavyopangusa miwani.

Na umwambie aandike, hata kwa barua pepe, kwamba data ya mradi wako ni yako. Mimi fomu zangu za karatasi zilibaki kwao. Nilipozifuata nikaambiwa ni mali ya mradi. Mali ya mradi! Mistari 42 ambayo kwa chuo haifai kitu, kwao ikawa mali ghafla.

Posho sikujibu kwa sababu sikuwahi kuiona, waulize waliobahatika. Tsavo sijafanya, nimepita tu ndani ya basi la Nairobi nimelala. Viatu nenda Kongowea asubuhi na mapema, mitumba ya buti za ngozi, chagua zilizozidi saizi moja kwa ajili ya soksi nzito, na bei wanayoanza nayo igawe nusu.

Ulikuwa umeuliza na chandarua. Beba.