Unahamisha domeini? Anza na magrupu, yuza wafuate

Jamani kama umepewa kazi ya kuhamisha yuza na magrupu kutoka domeini ya zamani kwenda mpya (domeini ni ule mfumo wa Windows unaosimamia akaunti, kompyuta na ruhusa za ofisi nzima, na grupu ni kundi la yuza wanaopewa ruhusa kwa pamoja), kabla hujagusa seva chukua daftari ukakae na watu wa ofisi. Mimi nilikuwa na ofisi kuu Mtwara mjini na matawi Masasi na Newala, nikaamini orodha iliyopo kwenye Active Directory, yaani daftari la domeini la akaunti na magrupu, ndio orodha ya watu, kumbe humo kuna waliostaafu, kuna waliohamia Lindi, kuna akaunti za wanafunzi wa field wa miaka hiyo. Kulikuwa na grupu moja linaitwa korosho2 halina maelezo yoyote, nilishataka kulifuta, dada wa masjala akanizuia akasema hebu subiri kaka, kuja kuangalia ndilo linalofungua folda ya stakabadhi za ghalani! Tulikaa siku 3, grupu kwa grupu, hili la nani, linafungua nini, linaenda au linabaki.

Sasa mpangilio. Magrupu kwanza, yuza baadaye, tafadhali sana. Grupu la aina ya global linabeba wanachama wa domeini yake tu, kwahiyo yuza akishahamia kule hawezi kubaki kwenye grupu la huku, na kama grupu lenyewe halijafika kule basi hana pa kushika, folda zote zinamkatalia. Mimi Masasi nilianza na yuza, watu 12, asubuhi yake simu zilinitesa mpaka mchana. Kwa wanaotumia ADMT, zana ya Microsoft ya kuhamisha domeini, peleka magrupu yakiwa matupu pamoja na historia ya SID (SID ni namba ya utambulisho ya kila yuza na grupu, historia ni ile namba ya zamani anayokwenda nayo), halafu ndio upeleke yuza na uiambie irekebishe uanachama. Hiyo historia ya SID ndiyo inayofanya seva ya mafaili iliyobaki domeini ya zamani iendelee kumtambua mtu, lakini angalia uchujaji wa SID kwenye trasti, ule uhusiano wa kuaminiana kati ya domeini mbili, ukiwa umewashwa historia inatupwa njiani na utahangaika siku nzima hujui tatizo liko wapi. Uzime kipindi cha kuhama tu, ukimaliza urudishe, maana ule ni ulinzi.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote ni profaili, yaani folda yenye deskitopu, mafaili na mipangilio ya kila mtu kwenye kompyuta. Mama mmoja wa hesabu hapohapo Masasi aliwasha kompyuta akakuta deskitopu tupu, picha ya mjukuu wake haipo, folda ya malipo haipo. Akanipigia, "Mwanangu, kazi yangu ya miaka yote umeipeleka wapi?" na sauti inatetemeka kabisa. Nikamwambia mama hayajapotea, usifute wala usihamishe kitu, nakuja. Na kweli yalikuwepo, Windows ilimuona ni yuza mwingine ikamfungulia profaili mpya, ile ya zamani imelala palepale kwenye C ndani ya Users. Nilitakiwa nipitishe hatua ya kutafsiri haki za profaili kwenye kila kompyuta KABLA mtu hajaingia na akaunti mpya, nikairuka kwasababu nilikuwa nawahi. Usiiruke.

Mengine kwa haraka: saa za seva na kompyuta zisipishane zaidi ya dakika 5, Kerberos, ule mfumo unaohakiki anayeingia, itakataa watu. Paswedi haziendi zenyewe, unahitaji ile huduma ya kuzisafirisha, bila hiyo kila mtu anapewa paswedi mpya ya kubahatisha na wewe ndio uzigawe. Bakapu ijaribu kuirudisha, sio kuwa nayo tu. Na huku kwetu usipange kazi hii kuanzia Oktoba minada ya korosho ikiwa imepamba moto, wahasibu hawana hata nafasi ya kukusikiliza.

Newala tulisubiri mpaka Aprili, watu 9, magrupu yalitangulia wiki nzima, profaili tukazitafsiri jioni wote wameshatoka. Asubuhi ikaja simu moja tu, printa haitoi, kumbe ilikuwa imeunganishwa kwa jina la seva ya zamani. Kwahiyo na printa nazo ziandike kwenye lile daftari.