Mbegu Rahisi, Brashi Ndiyo Kazi

Mhariri, swali lenu la juma hili ni hili: anayewawekea ndege chakula bustanini wakati wa baridi kali, anawasaidia ndege au anajifurahisha mwenyewe? Mimi nilianza kwa kujifurahisha, na sioni haya kusema hivyo. Dirisha likiwa halina cha kuonyesha ila theluji na matawi makavu, shomoro watano wakigombea mbegu ni sinema tosha. Msaada ulikuja baadaye, tena baada ya kosa.

Shida yao lakini ni ya kweli. Ndege wa gramu 10 au 20 hana budi kuuweka mwili wake kwenye joto la nyuzi 40 hivi, huku usiku wa kaskazini ukiwa na urefu wa hata saa 16. Usiku kucha anachoma mafuta aliyojiwekea mchana, na kukicha huenda amepungua sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Ni kama mtu alale na kilo 70 aamke na kilo 63. Ndiyo maana wanajazana alfajiri, kisha tena jua linapokaribia kuzama. Chombo kikijazwa saa nne asubuhi kwa sababu mwenye nyumba alichelewa kuamka (nimefanya hivyo mara nyingi), umewakosa walipokuhitaji zaidi. Na ukimwona ndege amekuwa duara kama mpira, usidhani amenenepa. Ametutumua manyoya ili anase hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake.

Kuhusu chakula sina maneno mengi: mbegu nyeusi za alizeti, mafuta ya mnyama yaliyogandishwa, karanga zisizo na chumvi wala ukungu, maana sumukuvu huua ndege pia. Mkate hujaza tumbo tu. Kinachosahaulika ni maji. Vidimbwi vyote vikiwa barafu, sahani ya kina kifupi yenye maji vuguvugu huvuta ndege hata wale wasiogusa mbegu. Hunywa, na huoga pia, kwa kuwa manyoya machafu hayashiki joto vizuri. Usitie chumvi wala dawa yoyote ili maji yasigande; mwaga barafu, weka mengine.

Sasa kosa lenyewe. Msimu wangu wa pili alikuja chiriku wa kijani akakaa kwenye chombo bila kuondoka. Nilisogea hadi hatua mbili, hakuruka. Nikafurahi kwamba amenizoea. Kumbe alikuwa mgonjwa: manyoya yamevimba, mdomo umelowa, mbegu anazitafuna na kuzidondosha. Kesho yake nilimkuta chini, na siku iliyofuata mwingine. Ugonjwa wenye dalili hizo huletwa na kijidudu kinachokaa kooni, trikomona, ambacho hupita kwa mate kwenye mbegu na maji. Uingereza ulilipuka mwaka 2006, na idadi ya chiriku hao ikaporomoka vibaya. Mahali pao pa kukutania ni chombo kama changu, nilichokuwa nimekijaza wiki baada ya wiki bila kukisugua hata mara moja.

Niliondoa kila kitu kwa majuma kadhaa ili ndege watawanyike. Niliporudisha, nilirudi na glavu na brashi ya kusugulia chombo hicho tu. Kila juma nasugua, nasuuza, naacha chombo kikauke kabisa ndipo nakijaza, na nakihamisha mahali ili kinyesi kisirundikane chini. Mbegu naweka kiasi cha kuisha siku hiyohiyo. Asiye na subira ya kazi hii, namwomba atazame ndege bila kuwalisha. Panda kichaka chenye matunda, inatosha.

Halafu kuna dirisha. Nilikiweka chombo karibu nalo, chini ya mita moja, kwa sababu ndege akishtuka kwa umbali huo hajapata kasi ya kujiumiza kwenye kioo. Paka nao wanyimwe pa kujificha.

Na kutazama nako kuna faida kwao, ukihesabu. Uingereza watu wamekuwa wakihesabu ndege wa bustanini kila mwisho wa Januari tangu 1979, kwa saa moja tu, wakiandika idadi kubwa zaidi ya kila aina waliyoiona kwa wakati mmoja. Kanuni hiyo ina akili: shomoro yuleyule akirudi mara kumi hahesabiwi kumi. Nami nimeiiga, na daftari langu lina misimu minne sasa.

Katika saa yangu ya mwisho ya kuhesabu kipanga alipita chini kama jiwe lililorushwa, akaondoka na shomoro. Mgeni wangu aliyekuwa akinywa chai aliuliza kama kipanga naye ninamlisha. Nilimwambia ndiyo, nikamwandika: kipanga, 1. Shomoro walirejea baada ya dakika 12.