Sukari ya asubuhi haishuki

SWALI: Mama ana miaka 61, anachoma insulini ya mchanganyiko 30/70 (asilimia 30 ya haraka, 70 ya polepole): yuniti 20 asubuhi na 10 saa 1 jioni. Akienda kulala sukari ni 8, akiamka ni 14, na usiku hali kitu. Tuongeze dozi ya jioni? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Msiongeze bado. Kwanza mpimeni saa 9 usiku, kwa siku mbili au tatu, na muandike kwenye daftari. Anawe mikono kabla ya kupima. Kidole chenye utomvu wa embe hudanganya mashine.

Saa 9 ikisoma 7 au 8, basi sukari inapandia alfajiri. Saa hizo mwili hutoa homoni za kumwamsha mtu, ini linaachia sukari, na dozi ya jioni nayo inaelekea kuisha. Ile asilimia 70 ya polepole huwa na nguvu zaidi inapotimiza kati ya masaa 4 na masaa 10 tangu kuchomwa, yaani usiku wa manane. Mkiongeza yuniti za jioni, nguvu inaangukia hapo hapo, na mama anaweza kushuka sukari usingizini. Mara nyingi daktari huzitenganisha: ya haraka kabla ya chakula, ya polepole saa 4 usiku. Mpelekeeni daftari aamue.

Saa 9 ikiwa tayari 12, angalieni anachokula usiku. Hapo daktari anaweza kuongeza kidogo, kwa kawaida yuniti 2, kisha kusubiri siku tatu. Ikiwa chini ya 4, mpeni vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, na daktari ajulishwe kesho yake ili dozi ipunguzwe. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Vilevile akiwa na sukari ya juu huku anatapika au anahema kwa kasi.

Tena, kagueni uchomaji wenyewe, maana wengi hukwama hapa. Kichupa kibingirishwe taratibu viganjani mara 10 hadi 20 mpaka dawa iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, kisitikiswe. Ikibaki na mabonge au ikiganda ukutani mwa kichupa, itupwe. Papaseni tumbo na mapaja: penye vinundu vigumu dawa hufyonzwa ovyo, kwa hiyo hameni, kila sindano upana wa kidole kutoka ya jana. Na bomba la sindano liwe la insulini ya yuniti 100 kwa mililita.

SWALI: Hatuna friji ya kuhifadhi insulini. Chungu kinatosha? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwa kichupa mnachotumia, ndiyo. Tieni chungu kidogo ndani ya kikubwa, jazeni mchanga katikati, muulowanishe asubuhi na jioni, mfunike kwa kitambaa kibichi, mkiweke kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hewa kavu ya Dodoma inafaa kwa hili. Pwani penye unyevu chungu hupoa kidogo tu. Andikeni tarehe mliyokifungua: baada ya wiki 4 kitupwe, hata kama dawa imebaki. Vichupa ambavyo havijafunguliwa ombeni viwekwe kwenye friji ya zahanati, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.