Jibu: Mhadhara wa floraidi unatuhusu sisi tusio wanafunzi?

Dada, umeuliza kama mhadhara wa floraidi (madini yaliyomo kwenye maji yetu) uliotangazwa na shule ya afya ya jamii una faida kwako, mama wa nyumbani wa Usa River, Arumeru. Nenda, tena uende na baba watoto. Maji unachota wewe.

Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arumeru vinazidi hapo. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kuongezeka ukali. Wa kuhofia zaidi ni watoto wa chini ya miaka 8, maana meno yao ya ukubwani ndiyo yanajengeka. Floraidi ikizidi, meno hayo hutoka na rangi ya kahawia, na hapo hakuna mswaki wa kuyang'arisha. Na magadi ya kwenye maharage? Nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa, na inaniuma.

Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha Ngurdoto kimelifanyia utafiti, linapunguza floraidi kwenye maji. Kwenye mhadhara uliza bei yake, na mkaa hubadilishwa baada ya muda gani. Usikubali wahadhiri wapite haraka hapo.