Kabla hujatangaza umegundua nyota, uliza darubini ilikuwa imelala saa ngapi

Mwaka juzi mawingu yaliniganda wiki tatu nzima sioni hata nyota moja, nikahamia kwenye laptopu. Siku hizi hata darubini si lazima, data za ZTF, ile darubini ya Palomar kule California inayopiga picha anga la kaskazini tangu 2018, unazidaunlodi bure, basi nikachagua nyota moja, nikachora grafu, programu ikaniambia inawaka na kufifia kila siku 1.27. Nilidata! Mke wangu nilimwamsha saa nane usiku.

Kumbe hola. Palomar ni sehemu moja, mchana imefumba macho, kwa hiyo nyota ileile inaiona karibu saa zilezile kila usiku. Sasa wewe ukipita dukani kwa mtu kila siku saa tatu asubuhi unakuta pako wazi si utaapa lile duka halifungwi? Nyota yangu mzunguko wake ni siku 0.56, yaani kwa siku inapiga mizunguko 1.79, ule mmoja mzima ukapotelea mchana, kompyuta ikahesabu 0.79 iliyobaki, na 1 ukiigawa kwa 0.79 ndo unapata ile 1.27 yangu ya furaha.

Kwa hiyo ukipata jibu, chukua 1 igawe kwa hilo jibu, halafu ongeza 1, punguza 1, kila namba unayopata (ikiwa hasi toa alama) igawie tena 1 upate siku, ujaribu zote. Na tafuta usiku ambao walipiga picha kadhaa mfululizo. Mimi nilishtukia hapo, mwanga wa nyota ulipanda ndani ya kama saa mbili tu, na kupanda fasta kushuka taratibu hiyo ni tabia ya RR Lyrae kabisa, aina ya nyota zinazotanuka na kusinyaa.

Nikaenda kuhakikisha kwa ASAS-SN, mradi mwingine wa kupiga picha anga, hawa wana kamera Hawaii, Texas, Chile na Afrika Kusini, kukikucha huku, kwingine bado usiku. Ila nao wana yao, pikseli yao moja inafunika sekunde 8 hivi za pembe (digrii moja ya anga ina sekunde 3600; ZTF ni 1 tu), jirani akiwa karibu mwanga wake unaingia humohumo na mabadiliko ya nyota yako yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Halafu data zao za zamani ni za filta ya V, za sasa ni g, yaani rangi tofauti za mwanga, usizibandike pamoja ukasema nyota imebadilika ghafla. Na nyota angavu kama Betelgeuse sahau, kamera zinajaa mwanga mpaka basi, hiyo itazame kwa macho yako.

Ah, na grafu igeuze juu chini, mwanga wa nyota hupimwa kinyume, namba ndogo ndo mwanga mwingi. Hii nimeisahau mara ngapi sijui.

La mwisho, ambalo mimi nililifanya mwisho kabisa: tafuta nyota yako kwenye VSX, orodha ya nyota zinazobadilika mwanga ya AAVSO, chama cha Marekani cha wanaozifuatilia. Yangu ilikuwemo kitambo, na 0.56 yake. Mke wangu bado sijamwambia.