Barua kwa mwanangu: mwenye maneno asomewe maneno yake

Mwanangu,

Waalaykumu ssalaam. Ujumbe wako umefika, nimeusoma na nikamsomea baba yako. Unasema mwalimu wako huko Tromsø, Norwei, anakutaka uchague mahali pa kufanyia utafiti wako wa shahada ya pili. Unataka kujua, ukija Pemba uandike juu ya wanawake wa pwani na uvuvi wa pweza, je, watakubali kuhojiwa na kurekodiwa, au ni bora ubaki huko uandike juu ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini, ambao vitabu vyao vimejaa maktabani?

Watakubali. Wewe ni mtoto wao, wengine wamekuogesha kwa mikono yao. Na hata ungekuwa mgeni wangekubali, maana kwetu mtu akibisha hodi anakaribishwa kwanza, haja yake inaulizwa baadaye, na mara nyingine haiulizwi kabisa. Kwa hiyo hilo mie silioni kuwa swali. Swali ni wakishasema, ukishaondoka na kinasa sauti chako, nani atarudi kuwasomea kilichoandikwa? Neno langu unalijua, umelisikia tangu uko skuli: mwenye maneno asomewe maneno yake.

Kisa cha bibi yangu na yule mgeni mtafiti mnakijua nyote, lakini nadhani hamjakisikia chote, maana mkiwa wadogo nilikuwa naishia pale bibi anapocheka.

Yule mgeni alikuja kijijini nami niko skuli ya msingi. Alipanga nyumba ya mjomba, ile ya karibu na kisima. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, akijifunga kanga kama watu, akila nasi muhogo wa nazi na papa bila kuchagua. Bibi alimpenda. Bamvua likifika, maji yakikupwa sana, walitoka pamoja, wao wawili na mkalimani, kijana aliyeletwa kutoka mjini, wakashuka mwambani mpaka maji yaanze kurudi. Sisi watoto tulifuata nyuma.

Bibi alikuwa hamtafuti pweza, akitafuta mlango wake. Pweza hula kaa na kombe ndani ya pango lake, kisha magamba akayatupa nje, kwa hiyo mlangoni huwa pana kifusi. Bibi aliinama akaokota gamba. Likiwa safi, linang'aa, bado lina harufu ya nyama, basi mwenyewe yumo na anakula, na kijiti kinaingia. Likiwa limeota ukijani na mlango umezibwa vijiwe, bibi hupita. "Huyo keshakuwa mama," akituambia. "Hali kitu, kazi yake kuyapulizia mayai yake maji. Ukimtoa umepata ngozi tupu, na wanawe umewaua." Nilimwona kwa macho yangu akimshika yule mgeni mkono, akamwekea gamba bichi kwenye kiganja kimoja na gamba la zamani kwenye kiganja cha pili, ili ajue tofauti.

Miaka ikapita nikaenda chuo, bara. Siku zile huku kwetu chuo kikuu hakikuwapo, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imekuja kufungua milango 2001, na wewe umekua ukiiona kama kitu cha kawaida. Mwaka wa mwisho nikaandika juu ya uvuvi wa wanawake, na hilo la pweza anayelea mayai nikalitia, nikaeleza kuwa nimelipata kwa bibi yangu. Mwalimu aliyenisimamia akapiga mstari mwekundu, pembeni akaandika: nani kasema? Nikamfuata afisini kwake nikamwambia kasema bibi, ambaye amekuwa akishuka mwambani tangu alipoweza kushika kijiti. Akanijibu kwamba bibi si marejeo, nitafute kilichochapishwa. Hakunijibu kwa ukali. Angenikemea ningesahau. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo.

Nikaenda maktaba, na maktaba nikaikuta makala ya yule mgeni wetu. Mwanangu, nilifurahi! Kijiji chetu kizima kimo: ramani, majina ya miamba, bamvua na maji mafu yasiyokupwa sana, nani hushuka na nani hubaki. Nikasoma mpaka nikafika penye pweza. Imeandikwa kwamba wanawake wa kijiji hicho huwaacha baadhi ya pweza kwa kuamini kuwa wanalindwa na mzimu wa pwani. Aliyetoa habari: mwanamke mmoja mzee.

Mzimu ulikuwapo kweli, unapajua mahali pake, pale penye mbuyu, na enzi hizo watu wakipeleka ubani. Nadhani siku moja walipita bibi akaonesha, na mkalimani akayafunga mambo mawili furushi moja. Sijui, na wa kumuuliza hayupo. Ninachojua ni kuwa hesabu ya mtu aliyesoma magamba mlangoni pa pweza iligeuzwa kuwa hofu ya mashetani, ikapigwa chapa.

Nikarudi kwa mwalimu na makala mkononi, tukabishana. Mwisho ikawa hivi: la mzimu likakaa juu, na jina la mwandishi na mwaka wake. La bibi likakaa chini yake, kwa maneno "baadhi ya wanakijiji hudai". Mtu aliyenipakata, aliyenilea, akawa baadhi ya wanakijiji.

Likizo ilipofika nikamsomea bibi ile makala, usiku, kwa taa ya mafuta, natafsiri sentensi moja moja. Majina ya miamba aliyafurahia sana, akawa anaitikia kila moja kama anaitiwa watoto wake. Tulipofika penye mzimu akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo huwa naishia. Sasa sikiliza kilichofuata. Alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini mimi nilimpa gamba mkononi." Akakaa tena, akasema, "Mwandikie. Mwambie kakosea." Nikaandika, barua nikaitia posta Chake Chake. Jibu halikuja. Kila nikirudi nyumbani bibi aliniuliza kama yule mwenzake kajibu, mpaka akaacha kuuliza.

Wataalamu wa bahari leo wote watakwambia alilolisema bibi: pweza jike akishataga hali tena, huyalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Na wenzetu wa Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, wamekuwa wakiufunga mwamba wao miezi mitatu ili pweza wakue na wazae. Bibi hakukuta siku hizo.

Uliniandikia habari za Wasami, na nilisoma nikiwa na uchungu. Wale wanaume wawili wa Kisami wa Kautokeino, huko Norwei, waliouawa 1854 baada ya ghasia za 1852, vichwa vyao vikachukuliwa vikachunguzwe na wasomi, vikaja kuzikwa 1997! Maiti haki yake ni kuzikwa. Hivi wale waliovipima walilala usingizi? Lakini usije ukatufananisha nao kwa kila kitu, mwanangu. Watoto wao walikatazwa lugha yao madarasani, na ripoti ya tume ya ukweli ya Norwei juu ya mambo hayo imetoka 2023 tu, juzi. Sisi Kiswahili chetu cha visiwani hakikukatazwa, kilichukuliwa cha Unguja kikafanywa cha kusomeshea kote. Machungu yetu ni mengine. Wao walinyang'anywa ulimi, sisi tulisikilizwa sana, tukaandikwa sana, kisha hatukusomewa. Ila nimependa kuwa wana chuo chao wenyewe Kautokeino tangu 1989, wanasomesha kwa Kisami. Huko bibi wa mtu huenda akawa marejeo.

Na hapa usinifanye mpinga utafiti. Nimesomesha Pemba umri wangu wote. Nimewaona watoto wakija asubuhi na vikopo vya choo na mkojo ndani ya mifuko, kwa ajili ya minyoo na kichocho, na dawa zikaja, na watoto waliokuwa wakisinzia darasani wakachangamka. Ule utafiti wa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kwa watoto wadogo wa hapa, zaidi ya 20,000, ndio ulioonesha kuwa penye malaria nyingi vidonge hivyo vinaweza kumdhuru mtoto. Upande wa madini ya chuma ulisimamishwa 2003, matokeo yakachapishwa 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Watoto wa Pemba wameufundisha ulimwengu! Mie wanafunzi wangu nikiwaambia, na wakikaa wima vitini. Wazazi wao wangapi wanajua? Mwenye maneno asomewe maneno yake, na mwenye damu asomewe damu yake.

Maana damu nayo husafiri. Kisa cha Wahavasupai wa Marekani, wale wanaokaa ndani ya bonde la Grand Canyon, ulinisimulia wewe mwenyewe. Tangu 1990 waliwapa watafiti wa chuo kikuu kimoja damu yao wakiamini inachunguzwa ugonjwa wa sukari, uliokuwa ukiwamaliza. Ikaja ikatumika kwa maradhi ya akili na kwa kutafuta mababu zao walitoka wapi. Lilijulikana 2003, binti yao mmoja alipohudhuria chuoni utetezi wa tasnifu, akauliza kama ruhusa ilitolewa. Mpaka 2010 ndipo walipolipwa dola 700,000 na damu yao ikarudishwa. Umeona nani aliyeligundua? Mtoto wao, aliyekuwa amekaa ndani ya chumba kile. Kwa hiyo nikikaa nikafikiri nasema ni lazima awepo mtoto wetu chumbani.

Kisha najirudi. Yule mkalimani wa mjini naye alikuwa mtoto wetu. Alizungumza Kiswahili kama sisi, na alikuwako pale gamba lilipowekwa kiganjani. Kuwa mwenyeji hakukumsaidia bibi. Na yule mgeni, nikimkasirikia, nakumbuka kuwa bila yeye majina ya miamba yale yangekuwa yamekufa. Vijana wa sasa wanaokwenda dago, kambi za uvuvi, mpaka Tanga na Mombasa hawayajui hata nusu. Mwaka juzi mjomba wako alipotaka kumwonesha mwanawe, kitu tulichofungua ni nakala ya makala ile ile. Basi nimlaumu au nimshukuru? Namshukuru kwa miamba. Kwa pweza, bado.

Umeniambia chuo chako kitakutaka ufiche majina ya watakaosema. Kwa damu na maradhi, sawa, yafichwe. Kwa ilimu, mie nasema jina liandikwe, jina lake na la baba yake na la babu yake, kama tunavyotajana sisi. Shangazi yako ananipinga. Anasema yeye akisema jambo la mwambani hataki kuitwa mtandaoni, ana wakwe. Ana haki. Basi muulize kila mmoja, na jibu lake ulifuate. Ule mwongozo wa 2017 wa Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, wa kuwaongoza watafiti, ulionitumia nimeuweka pamoja na vyeti vyangu. Umesema kwa maneno machache: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata njia yao wenyewe ya kupokea wageni. Wameuandika wenyewe waliochoka kuandikwa. Nikiwa na nguvu ningekusanya kina mama wa mwambani tuandike wetu.

Sasa uje au usije? Hilo sikwambii. Jibu ninalo, linaniwasha, na baba yako amekaa hapa ananitazama kwa sababu tulikubaliana uamuzi uwe wako. Ukibaki huko ukaandika juu ya Wasami sitakuwa na kinyongo, ila nawe utakuwa mgeni wa watu, na barua ya bibi wa mtu ikija kwako, uijibu. Ukija, wenzake bibi waliobaki ni wachache na wamekuwa wazee, nakwambia tu ujue, sikusukumi.

Kama utachagua kuja, kibali cha utafiti kiombwe mjini mapema, na barua yake ifike kwa sheha wetu, kiongozi wa mtaa, kabla yako. Usipange kufika wakati wa maji mafu, utakaa bure, angalia mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Na kwenye bajeti yako utie nauli ya kurudi mara ya pili kabla hujachapisha, na siku za kukaa barazani uwasomee kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, na anayesema "sivyo" umwandikie sivyo yake. Mwalimu wako akiuliza fedha hizo za nini, msimulie habari ya gamba. Akizifuta, nipigie kabla hujamjibu.

Mama yako